Kuoshwa si Kuwa Safi



Mama wa Kindu anunuapo bidoni tupu sokoni kwa ajili ya kuwekea mawese, hatosheki kuitazama kwa macho. Huifungua na kuinusa. Akisikia harufu ya petroli humrudishia mwenye kuuza, hata kama bidoni imeoshwa mpaka inang'aa. Kwa nini? Kwa sababu ajua kwamba maji yamepita, lakini petroli imebaki. Imejificha ndani ya plastiki yenyewe, na kesho itatoka humo iingie katika sombe ya watoto.

Mama huyo, hata kama hakukaa darasani siku nyingi, ameshika neno ambalo wakaguzi wa viwanda vya dawa hulitafuta ulimwenguni kote: kuoshwa ni jambo moja, na kuwa safi ni jambo la pili. Yafaa tuzungumze leo juu ya ukaguzi huo, maana vidonge tunavyomeza hapa Maniema vyatoka mbali. Vyafika kwa ndege, kwa njia ya reli itokayo kusini, au kwa mashua za mtoni, navyo vimefungwa katika karatasi nzuri. Bidoni twaweza kuinusa. Kidonge hatuwezi.

Mashine moja, dawa nyingi

Watu wengi hudhani kwamba kiwandani kila dawa ina mashine yake. Sivyo. Mashine hizo ni za bei kubwa, na kiwanda cha kawaida hutengeneza dawa nyingi kwa vyombo vile vile. Siku ya Jumatatu pipa kubwa la kuchanganyia hupokea unga wa dawa ya minyoo. Siku ya Alhamisi hupokea unga wa dawa ya moyo. Vivyo hivyo mashine ya kushindilia vidonge, mabomba ya kupitishia dawa za maji, na chekecheke za kuchujia unga. Kati ya dawa ya kwanza na dawa ya pili hakuna kitu ila maji, sabuni, na mikono ya mtu.

Jirani zetu wa Bukavu walijua kazi ya namna hii. Kiwanda cha Pharmakina kilipata sifa kwa kwinini, ambayo hutolewa katika magome ya mti wa sinkona uliopandwa katika milima ya Kivu. Mwaka 2005 kiwanda hicho kilianza kutengeneza pia vidonge vya kuwasaidia wagonjwa wa SIDA, vilivyoitwa Afri-vir. Lilikuwa jambo la kutia moyo kwa mashariki ya nchi yetu. Lakini kila kiwanda kinachoongeza dawa mpya juu ya ile ya zamani hupata pamoja nayo swali jipya: je, chembe za dawa ya jana zimekwisha kweli kabla ya dawa ya leo kuingia?

Mambo yaliyotokea

Mtu aweza kusema: "Chembe kidogo za dawa zitamdhuru nani? Dawa si sumu." Tusikilize habari mbili.

Ya kwanza ni ya watoto. Mwaka 1963 waganga wa Marekani walichapisha habari ya watoto waliokuwa wakitibiwa kifua kikuu kwa vidonge vya isoniazidi. Watoto hao walianza kuonyesha dalili za kubalehe kabla ya umri wao. Uchunguzi ulionyesha kwamba vidonge vyao vilikuwa vimechafuliwa na stilbestroli, dawa yenye nguvu kama ya homoni za kike. Wazazi walikuwa wamefuata agizo la mganga siku kwa siku, bila kukosa. Utii wao ndio uliowaletea watoto madhara.

Ya pili ni ya mapipa, nayo yafanana sana na habari ya bidoni yetu. Mwaka 1988 huko huko Marekani dawa iitwayo kolestiramini, itumiwayo kupunguza mafuta katika damu, iliondolewa katika maduka. Ilikutwa na mabaki ya kemikali za kutengenezea dawa za kuua wadudu wa mashambani. Ziliingiaje? Vimiminiko vya kuyeyushia vilikuwa vikikusanywa baada ya kazi ili vitumike tena, navyo vilihifadhiwa katika mapipa. Mapipa yaliyotumika upande wa dawa za wadudu yalitumika baadaye upande wa dawa ya wagonjwa. Hapakuwa na uangalizi wa kutosha juu ya mapipa hayo, wala njia ya kuyaosha iliyothibitishwa.

Tofauti na hayo, mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya vidonge vilivyopatikana hapa kwetu Kongo, upande wa Ituri. Chupa ziliandikwa diazepamu, lakini ndani mlikuwa na haloperidoli, na mamia ya watu walipatwa na mkakamao wa uso, shingo na mikono. Hilo halikuwa kosa la chombo kichafu. Lilikuwa dawa nyingine kabisa chini ya jina lisilo lake. Nalitaja kwa sababu moja tu: latufundisha jinsi mgonjwa alivyo kipofu mbele ya kidonge. Rangi, umbo na maandishi havimwambii kilichomo.

Kuthibitisha maana yake nini?

Baada ya matukio kama hayo, watawala wa dawa waliona kwamba haitoshi mwenye kiwanda kusema, "Sisi huosha kila siku." Mwezi wa Julai mwaka 1993 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwapa wakaguzi wake mwongozo juu ya jambo hili peke yake, na Shirika la Afya Duniani na nchi nyingine zina miongozo yao. Yote yaomba kitu kile kile: kiwanda kithibitishe, kwa maandishi na kwa vipimo, kwamba njia yake ya kuosha huondoa mabaki kila mara itumiwapo.

Tulifafanue jambo hili kwa maswali, kama tufanyavyo darasani.

Swali la kwanza: Kwa nini maji ya kusuuzia yasitoshe kuwa shahidi? Mimina maji baridi katika sufuria iliyopikiwa sombe kwa mawese. Maji yatatoka karibu meupe, na mafuta yangali yameshika ukingoni. Ndivyo ilivyo kwa dawa zisizoyeyuka upesi katika maji. Kwa hiyo mkaguzi huuliza kama walichukua kipimo katika chombo chenyewe. Mpimaji hushika kijiti chenye kitambaa au pamba maalumu, hupangusa eneo lililopimwa, kisha maabara hutafuta ni dawa kiasi gani imeshikwa. Maji ya kusuuzia hupimwa pia, hasa kwa mabomba marefu ambayo mkono haufiki, lakini hayo peke yake si shahidi wa kutosha.

Swali la pili: Wapanguse mahali gani? Si katikati ya pipa, ambapo kila mtu hupaona na kila kitambaa hupita. Wapanguse mahali pagumu: chini ya mapanga ya kuchanganyia, katika viungo vya mabomba, nyuma ya mipira ya kuzuia uvujaji, ndani ya bomba lisilo na njia ya kutokea. Uchafu hupenda pembe. Mwanafunzi afagiaye darasa ajua hayo, na mwalimu wake pia.

Swali la tatu: Kijiti chenyewe twakiaminije? Hapana budi kijaribiwe kwanza. Maabara huweka kiasi cha dawa kinachojulikana juu ya kipande cha chuma, hukiacha kikauke, kisha hupangusa na kupima. Wakiweka sehemu 100 na kijiti kikirudisha 40 tu, wajue kwamba kila wanapopima mashine wanaona chini ya nusu ya ukweli, nao wafanye hesabu zao kwa kadiri hiyo.

Swali la nne: Mabaki kiasi gani yaruhusiwa? Hakuna awezaye kusema "hakuna hata chembe moja," maana kila mizani ina mwisho wake. Kwa miaka mingi viwanda vingi vilifuata kanuni tatu: jicho lisione kitu juu ya chombo kikavu, dawa ya kwanza isizidi sehemu 10 katika sehemu milioni moja ya dawa ya pili, na mgonjwa asipate kwa siku zaidi ya sehemu moja ya elfu ya dozi ndogo ya dawa ile ya kwanza. Siku hizi, na katika maelezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 pia, msingi ni madhara ya dawa yenyewe: wataalamu wachunguze ni kiasi gani mtu aweza kupata kila siku ya maisha yake bila kudhurika, kisha kiwanda kihesabu kutoka hapo.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Kiwanda kitachanganya kilo 100 za unga wa dawa ya pili. Sehemu 10 katika milioni ya kilo 100 ni gramu 1, yaani miligramu 1,000. Ikiwa vyombo vyote vinavyoguswa na unga vina eneo la sentimeta za mraba 50,000, kila sentimeta moja yaruhusiwa kubaki na miligramu 0.02 tu. Kijiti kikipangusa sentimeta za mraba 25, kisishike zaidi ya miligramu 0.5. Kwa dawa zenye nguvu nyingi, kama zile za homoni, kiasi hushuka mpaka jicho haliwezi kabisa kuwa mwamuzi. Hapo chombo huonekana safi, nacho hakifai.

Iko pia dawa ambayo kwa ajili yake hesabu hii haitoshi. Penisilini ikimpata mtu ambaye mwili wake haupatani nayo, hata kidogo chaweza kumletea hatari ya kufa. Kwa hiyo hutakiwa kutengenezwa mahali pake, mbali na dawa nyingine, yenye hewa yake na vyombo vyake.

Taa iliyo rafiki wa mkaguzi

Twende kidogo katika kemia. Kwinini ikiyeyushwa katika asidi nyepesi, kisha ikamulikwa kwa taa ya miale ya urujuanimno, hung'aa rangi ya buluu. Vitamini B2, iitwayo riboflavini, nayo hung'aa rangi ya manjano yenye ukijani. Viwanda hutumia sifa hii ya riboflavini kwa akili. Hunyunyiza maji yake ndani ya pipa lote, huacha mashine ya kuosha ifanye kazi kama kawaida, kisha huingiza taa gizani. Palipong'aa, maji hayakufika. Mashine iliyosifiwa na muuzaji wake yaweza kufichuliwa kwa dakika chache tu.

Mkaguzi hutazama nini?

Mkaguzi afikapo kiwandani hapokei maneno matupu. Kwanza aomba mpango ulioandikwa kabla ya kazi: nani ataosha, kwa sabuni gani, kwa maji ya moto kiasi gani, kwa muda gani, na jibu gani la maabara litahesabiwa kuwa limefaulu. Mpango ukiandikwa baada ya majibu kupatikana, huo si mpango.

Pili auliza juu ya saa. Chombo kilikaa muda gani kichafu kabla ya kuoshwa? Unga uliokauka usiku mzima hushika kuliko ule wa saa moja. Na baada ya kuoshwa kilikaa siku ngapi? Chombo chenye unyevu ni shamba la vijidudu.

Tatu auliza kama njia ile ile ilijaribiwa zaidi ya mara moja. Desturi ya viwanda vingi imekuwa mara 3 mfululizo zenye kufaulu. Hapa ndipo hila moja hukamatwa. Wengine hupima, hukuta uchafu, huosha tena, hupima tena, hukuta uchafu, huosha tena, mpaka jibu linapendeza. Kisha huweka faili jibu la mwisho. Je, wamethibitisha nini? Wamethibitisha kwamba njia yao ya kuosha haifai.

Nne, na hili ndilo kubwa, mkaguzi hushuka chini na kumtazama mwoshaji akiosha. Analinganisha mkono na karatasi. Karatasi yasema maji yawe ya nyuzi 60; je, kipimajoto kipo? Karatasi yasema mpira ufunguliwe; je, mwoshaji anayo spana ya kuufungulia? Mara nyingi karatasi ni takatifu na mkono ni mwenye dhambi. Na mara nyingine mkono hauna kosa, ila mkubwa hakununua vifaa.

Tumfikirie huyo mwoshaji. Mshahara wake ni mdogo kuliko wa wote. Ni usiku, amechoka, na msimamizi amesimama mlangoni akitaka mashine ianze kazi mpya. Mbele yake kuna karatasi yenye mahali pa kutia sahihi: "Chombo ni safi." Akitia sahihi pasipo kuosha pembe ile ya mwisho, hakuna atakayejua usiku ule. Uzima wa mtoto ambaye hatamwona kamwe, labda mtoto wa kando ya mto wetu, umetegemea wino huo. Nasema hayo kwa vijana wetu wanaodhani kwamba uaminifu ni kwa watu wakubwa tu. Mkemia huhesabu, mkaguzi huuliza, lakini mwenye kuosha ndiye mlinzi wa mlango.

Je, maskini tuna haki ya kudai hayo?

Wako wasemao: "Mambo haya ni ya nchi tajiri. Sisi tukidai vipimo vyote hivyo, dawa zitapanda bei, na watu watakufa kwa kukosa dawa." Neno hili lina uzito, wala tusilicheke. Kiwanda kikifungwa kwa haraka, kuna wagonjwa watakaobaki mikono mitupu. Ndiyo sababu mkaguzi mwenye busara hutofautisha kosa na kosa: kwa dogo hutoa muda wa kutengeneza, kwa lile linalohatarisha uzima husimamisha kazi.

Lakini tajiri akipewa kidonge kibaya, ana mganga wa pili, ana maabara, ana ndege ya kumpeleka kwingine. Maskini ana kidonge kile kimoja. Basi yeye ndiye mwenye kuhitaji zaidi kwamba kidonge hicho kiwe kweli.

Tena Afrika imekwisha kuonyesha kwamba yawezekana. Mwezi wa Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Tanzania ilikuwa ya kwanza katika Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefika ngazi ya 3 ya uwezo wa kusimamia dawa. Mwaka 2022 kiwanda cha Universal Corporation, kilichoko Kikuyu karibu na Nairobi, kilikuwa cha kwanza katika Afrika kupata kibali cha Shirika hilo kwa sulfadoxini na pirimethamini, vidonge vile vile ambavyo mama wajawazito hupewa kliniki ili wakingwe na malaria. Kibali cha namna hiyo hakitolewi pasipo kiwanda kukaguliwa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zimezoea kutuma wakaguzi wao pamoja viwandani, na Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022. Kazi ya nyumbani ni ya ACOREP, mamlaka ya Kongo ya kusimamia dawa. Ni haki yetu kuiombea serikali iipatie wakaguzi wa kutosha, magari, na maabara, maana mkaguzi asiye na nauli hakagui kitu.

Nasi tufanye nini?

Hatuwezi kwenda kiwandani na kijiti cha pamba. Hata hivyo hatuko bila kazi.

Tununue dawa mahali panapojulikana, si katika kapu la mpita njia. Tusitupe karatasi ya dawa kabla mgonjwa hajapona: ina jina la kiwanda, tarehe ya mwisho, na namba ya kundi la vidonge vilivyotengenezwa pamoja. Namba hiyo ndiyo njia ya kurudi nyuma mpaka kwenye pipa lile, siku ile, na sahihi ile. Pasipo namba, mkaguzi hana pa kuanzia.

Mgonjwa akipatwa na jambo jipya baada ya kumeza dawa, madoa mwilini, kukakamaa, au dalili isiyolingana na ugonjwa wake, tusiseme upesi kwamba amerogwa. Tumpeleke kituo cha afya pamoja na dawa zilizobaki na karatasi yake, na muuguzi aandike. Neno la mama mmoja laweza kuonekana dogo. Maneno ya mama kumi juu ya namba moja ni ushahidi.

Nanyi wanafunzi wa kemia na biolojia, msione aibu kutamani kazi hii isiyo na shangwe. Mkaguzi hapigiwi makofi. Akifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea: mtoto anameza kidonge, homa inashuka, na kesho yake anakwenda shule.